Ploti tunayopanga inaenda mnadani, nihame ama nibaki?

"Wakili habari. Napanga nyumba ya vyumba viwili Kahawa West, huu ni mwaka wa tatu. Mwenye nyumba ni mama mzee, anaishi humo humo kwa kompaundi, nyumba yake iko mbele na sisi wapangaji wanne tuko nyuma. Wiki jana tuliamka tukakuta karatasi ya dalali imebandikwa kwa geti, ina jina la mama na namba ya ploti, inasema asipolipa benki ndani ya siku 45 nyumba itauzwa kwa mnada. Mama anasema tusijali, kijana wake anashughulikia, lakini juzi alinijia jioni akaniuliza kama naweza kumlipa kodi ya miezi sita mara moja anipunguzie elfu mbili kila mwezi. Mimi hulipa 18,000 na dipoziti yangu ya 18,000 iko kwake. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, ukaisha, tukaendelea tu. Jirani mmoja ameacha kulipa kabisa, anasema nyumba ni ya benki sasa. Mwingine anasema siku ya mnada tutatolewa na polisi. Nina watoto wawili wako shule hapa karibu. Nihame saa hii? Nimlipe nani? Na dipoziti yangu je?"

Pole sana dada. Najua vile moyo unaruka mtu akiona karatasi ya dalali kwa geti lake asubuhi watoto wakienda shule, na najua mkisimama hapo nje kila jirani ana sheria yake. Wacha nianze na lile litakalokufanya ulale leo: deni si lako. Jina lako haliko kwa hiyo karatasi, benki haikudai hata shilingi, na siku ya mnada hakuna mtu atakuja kutoa kitanda chako nje. Mnada wenyewe mara nyingi hata haufanyiki hapo kwa ploti, watu wanakutana mahali palipotajwa kwa gazeti, wanataja bei, nyundo inagonga, wanaenda zao. Wewe jioni hiyo utapika ugali wako kama kawaida.

Lakini sitaki ulale sana. Kitu chako kiko hatarini, ila si kile unachodhani. Wewe unaogopa kupoteza nyumba, mimi naogopea pesa zako, hiyo dipoziti na hasa hiyo kodi ya miezi sita ambayo mama ameomba.

Kwanza uelewe mambo yalifikaje hapa. Mama aliweka hatimiliki ya ploti rehani akachukua mkopo, malipo yakakwama. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 hairuhusu benki iuze tu hivi hivi. Mkopaji akikaa mwezi mzima bila kulipa ndiyo benki inaweza kumpa notisi ya kwanza, na hiyo inampa miezi mitatu arekebishe. Asiporekebisha anapewa notisi ya pili, ya siku 40, kwamba sasa tunauza. Ndipo dalali anaingia na yeye ana kanuni zake, lazima ampe siku 45 za kukomboa mali, na zikiisha atangaze kwa gazeti na mnada usifanyike kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Sasa piga hesabu kurudi nyuma. Karatasi ya siku 45 ikifika kwa geti, mama ameishi na hili jambo zaidi ya miezi mitano, pengine mwaka, akiwasalimia kila asubuhi na kunyamaza. Jaribu kukumbuka pia kama kuna mtu alikuja na kamera na kifaa cha kupima akazunguka kompaundi akiangalia paa na kuuliza kila nyumba inalipa ngapi, maanake benki lazima ifanye tathmini ya bei kabla ya kuuza. Huyo huwa ndiye ishara ya kwanza na wapangaji wengi hudhani ni mtu wa kaunti ama wa stima.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui, hiyo notisi ya siku 40 sheria inasema nakala yake ipewe pia wapangaji walioko kwa nyumba, na ibandikwe mahali panapoonekana. Wapangaji wanaokuja kwangu wengi hawajawahi kuiona. Kama nanyi hamkuipata, iandike mahali, tarehe na majina ya wapangaji wote wanne, inaweza kuwafaa mbele ya safari.

Sasa tarehe iliyo kwa karatasi si tarehe ya nyinyi kuhama, na hata si lazima iwe tarehe ya mnada. Mama ana haki ya kulipa deni na kukomboa ploti yake mpaka ile dakika mkataba wa kuuza unafungwa, nimeona mnada ukisimamishwa asubuhi yake. Wengine hukimbia kortini wakapata amri ya kuzuia na kesi ikavuta miaka. Na hata nyundo ikigonga, masharti ya minada mingi ni mnunuzi alipe asilimia 25 hapo hapo na zilizobaki ndani ya siku 90, ndiyo mali iandikishwe kwa jina lake. Kwa hivyo ukiweka siku 45, za gazeti, na hizo 90, uko na miezi kadhaa ya kupanga mambo yako ukiwa umetulia.

Jirani aliyeacha kulipa, tafadhali usimfuate. Nyumba si ya benki. Benki imeshika rehani, mwenye ploti bado ni mama mpaka iuzwe na uhamisho uandikishwe, na mkataba wako na yeye unaendelea. Ukiacha kulipa anaweza kukutumia dalali wa kodi, sheria ya kukamata mali ya mpangaji kwa sababu ya kodi bado iko, na hapo ndipo utashangaa deni la mama limewaacha na viti vyenu na deni lako la miezi miwili limeondoka na tivii. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba mpya akija, mpangaji mwenye rekodi safi anaongea naye akiwa amesimama wima, mwenye malimbikizo anaongea akiwa ameinama.

Kuna wakati kweli utaambiwa ulipe mtu mwingine. Sheria inaruhusu benki, mkopaji akishindwa, kuteua mtu wa kukusanya kodi, huitwa riseva, ama benki yenyewe iishike ploti na kukusanya kodi. Ikifika hapo mtaletewa barua. Usiilipe hiyo barua siku hiyo hiyo. Omba nakala ya uteuzi wake, angalia kama namba ya ploti ni yenu, halafu piga simu benki kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwa barua. Na hakuna riseva wa kweli atakuambia utume kwa namba yake binafsi ya simu. Ukishathibitisha, lipa huko, chukua risiti, na mwambie mama kwa maandishi kwamba umeamriwa hivyo. Mpaka hiyo siku ifike, mlipe mama kama kawaida, kwa njia ile ile, tarehe ile ile.

Na lipa kwa njia inayoacha alama. Nilikuwa na mteja mmoja, mzee fundi wa viatu, alikuja na mfuko wa plastiki umejaa risiti za miaka minne, zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira, mwezi mmoja tu ndio haukuwa na kitu. Huo mwezi kijana wa mwenye nyumba alimpata stejini akamwambia leta tu kesh nitampa mzee. Nyumba ikauzwa, mnunuzi akaitisha rekodi za kodi, ule mwezi ukahesabiwa deni. Tulibishana weee, mwishowe alilipa mara ya pili. Kijana wa mama akikuomba umpe yeye kwa sababu ndiye "anashughulikia", mwambie kwa heshima kwamba unamtumia mama kwa M-Pesa kama zamani.

Sasa hiyo miezi sita. Usilipe dada. Najua elfu mbili kila mwezi ni pesa, na najua huyo mama si mwizi, ni mtu anayezama, na mfa maji hushika hata povu. Lakini angalia hesabu yenyewe. Utampa 96,000 ili uokoe 12,000. Ukiongeza dipoziti, una 114,000 mikononi mwa mtu ambaye benki imeshampa notisi zote. Pesa hizo zitaenda kwa benki ama kwa wakili siku hiyo hiyo, hazitakaa. Ploti ikiuzwa miezi mitatu baadaye, mwenye nyumba mpya hajapokea chochote kutoka kwako na anataka kodi yake kuanzia siku ameandikishwa. Unaweza kumwonyesha risiti, na kuna hoja za kisheria mtu anaweza kuzisukuma, lakini utakuwa unabishana ukiwa umeshikilia karatasi na yeye ameshikilia nyumba. Mwambie mama ukweli wa upole, kitu kama "mama, kila tarehe moja nitakulipa bila kukosa, lakini za mbele sina." Kodi yako ikija kila mwezi bila kuchelewa umemsaidia vya kutosha.

Kuhusu dipoziti, hili ndilo swali gumu na sitakudanganya. Kwa nyumba kama yako hakuna sheria inayomlazimisha mwenye nyumba kuiweka kwa akaunti ya kando, kwa hivyo uwezekano mkubwa ni kwamba hiyo 18,000 ilishaliwa zamani. Mnunuzi wa mnada naye atasema hakupewa, na mara nyingi ni kweli. Benki inamdai mama, na wewe pia unamdai mama, na hilo deni lake kwako halifutiki kwa sababu ploti imeuzwa.

Njia ninayoipenda ni hii. Kaa na mama sasa, kabla ya mnada, mkubaliane kwa maandishi kwamba dipoziti yako ndiyo kodi ya mwezi fulani. Karatasi moja tu inatosha, tarehe, majina, kiasi, mwezi, anaweka sahihi na wewe unaweka, kila mtu anabaki na nakala. Yeye hatoi pesa mfukoni, wewe umeokoa yako. Ubaya wake ni kwamba mwenye nyumba mpya anaweza kuitisha dipoziti nyingine ukitaka kubaki, lakini hiyo utaiweka ukijua unampa nani. Usijifanyie mwenyewe bila kukubaliana, ukiacha tu kulipa na kusema nimekula dipoziti, huo ni mtindo ule ule wa jirani yako kwa jina lingine.

Akikataa, tunza ushahidi wa siku uliyoitoa. Benki ikishauza inachukua deni lake na gharama, na kinachobaki ni cha mama, kwa ploti ya Nairobi yenye nyumba tano kinaweza kuwa kitu, kwa hivyo mwandikie mapema barua ya kudai. Asipokupa, kuna Korti ya Madai Madogo, ilianza kazi 2021, inasikiza madai ya pesa mpaka milioni moja na unaweza kujisimamia bila wakili. Dipoziti ya 18,000 haifai kuliwa na ada za mawakili.

Tuje kwa mwenye nyumba mpya. Hapa inategemea mko na karatasi gani. Wewe mkataba wako wa mwaka uliisha mkaendelea mwezi kwa mwezi, kwa hivyo kisheria unaweza kuambiwa uhame kwa notisi isiyopungua kipindi cha kulipa kodi, yaani mwezi mmoja, na iishie siku ya kodi, si katikati ya wiki vile mtu amejisikia. Mama mwenyewe angeweza kukupa notisi hiyo hiyo hata bila benki. Wenye lizi ndefu, yaani mkataba wa kupanga wa miaka mingi, ni mambo mengine. Kama lizi ilikuwepo kabla ya rehani, ama benki iliikubali kwa maandishi, ina nguvu hata baada ya mnada. Kama mwenye nyumba aliitoa baada ya kuchukua mkopo bila kuuliza benki, mnunuzi ana hoja nzuri ya kusema hainihusu. Na kama kati yenu mmoja ana duka kwa mbele, huyo analindwa zaidi, notisi yake si chini ya miezi miwili kwa fomu maalum na anaweza kuipinga kwa mahakama maalum ya nyumba za biashara.

Kwa uzoefu wangu mnunuzi wa ploti yenye wapangaji wanaolipa huwa anataka wabaki, maana kodi yao ndiyo itamsaidia kulipa mkopo wake mwenyewe. Lakini ploti yenu ina kitu ambacho hakiko kwa maghorofa, mama anaishi humo. Mnunuzi akitaka nyumba ya mbele na mama akatae kutoka, wataenda kortini, na amri itakayotoka inaweza kuandikwa kwamba atolewe yeye na wote walio chini yake. Nyinyi wa nyuma hamtajwi, hamjulikani hata kama mpo, halafu siku watu wanakuja na amri mnajikuta mmeingizwa kwa ugomvi ambao si wenu. Hii ndiyo naiogopa kuliko mnada.

Dawa yake ni barua. Nyinyi wapangaji wanne muandike moja kwa benki na nakala kwa dalali, hata huyo jirani aliyekasirika, mseme sisi ni wapangaji wa ploti namba hii, majina, namba ya mlango, tulianza lini, tunalipa ngapi, dipoziti ngapi, na tunaomba kujulishwa kama kuna mabadiliko ya nani alipwe. Msimtukane mama humo, wala msichukue upande. Mpeleke wenyewe, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwa nakala yenu. Baada ya hapo hakuna mtu atasema kortini kwamba hakujua kuna watu nyuma.

Na mtu yeyote akija kuwatoa, awe mnunuzi ama dalali, mwambie alete amri ya korti. Kung'oa mlango, kukata maji, kukata stima ili mhame, hayo si mamlaka ya mtu aliyenunua mnadani. Polisi nao huja kulinda amani pale kuna amri, hawaji kwa sababu mtu ana risiti ya dalali. Omba kuiona, soma jina la korti na namba ya kesi, piga picha.

Kwa hivyo uhame? Kama ningekuwa wewe nisingehama mwezi huu. Kuhama saa hii ni kodi ya kwanza, dipoziti mpya, lori, na watoto kubadilisha njia katikati ya muhula, yote kwa kukimbia kitu ambacho pengine hakitafanyika. Ningebaki, nilipe kila mwezi, nifanye hayo makubaliano ya dipoziti, na kila mwezi niweke kando kitu kidogo cha kuhama mpaka kifike kodi moja na dipoziti moja. Halafu ningeanza kutafuta polepole, karibu na shule, nikilenga likizo. Lakini maji yakianza kukatika kwa sababu mama halipi bili, ama walinzi wageni wakionekana kwa geti, ama kijana wa mama aanze kuwatisha, hapo usingoje likizo. Toa notisi ya mwezi kwa maandishi uondoke. Utulivu wa watoto una bei pia.

Kuna hali ambazo jibu langu la kuandika halitoshi na lazima mtu akae na wakili. Ukipewa karatasi za korti zenye jina lako. Watu wawili wakidai kodi ile ile na wote wana barua, hapo kuna utaratibu wa korti kuamua pesa iende wapi wakati wao wanabishana, na hiyo usijaribu peke yako. Mmoja wenu akiwa na lizi iliyoandikishwa ama duka. Ama mtu wa kodi ya 2,500 kwa mwezi kurudi chini, huyo ana mahakama yake maalum ya kodi za nyumba. Kama pesa za wakili hakuna, nenda Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wanasaidia watu wa nyumba na ardhi kila siku na hawatakucheka kwa swali lolote. Beba kitambulisho, mkataba wa zamani hata kama uliisha, M-Pesa zako zikiwa zimechapishwa, na ile barua yenye muhuri. Watahitaji pia namba ya ploti ili wafanye upekuzi wa hatimiliki kwa Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, waone rehani iliandikishwa lini na benki gani.

Hiyo namba iko kwa ile karatasi ya geti. Leo jioni ukirudi kazini, kabla haijanyeshewa ama mama hajaibandua kwa aibu, isimamie upige picha yote, juu mpaka chini, tarehe, jina na simu ya dalali, halafu uitume kwa WhatsApp kwa hao majirani watatu.